Ndege wa Penseli

Saa tatu asubuhi Thelma Storr alikuwa ameshachambua kaa arobaini na saba, na hasira yake ilikuwa bado inatafuta mtu wa kumwangukia.

Ukungu ulikuwa umeikalia bandari ya Skarnby siku ya tatu sasa, upepo unatoka mashariki, manyunyu hayakatiki. Hali kama hiyo ikija Oktoba huwafukuza watalii na kuwaleta ndege. Hutoka ng'ambo, Norwe na Urusi na huko nyuma ya Urusi, wakiwa safarini kwenda kusini. Wanakutana na ukungu baharini, nguvu zinawaishia, wanadondokea nchi kavu ya kwanza wanayoiona. Nchi kavu hiyo ni Rasi ya Skarnby, ulimi wa mwamba mweupe uliochongoka maili moja kutoka bandarini. Wakishadondoka ndege, nyuma yao huja wanaume wenye darubini.

Wanaume hao ndio waliomchefua. Walikuwa wameegesha magari kuanzia kanisani hadi mbele ya duka lake, na moja lilikuwa limeziba kabisa njia anayopitishia mapipa ya taka. Kununua hawanunui. Mtu anaendesha gari saa saba kutoka Uskoti kuja kumtazama ndege mwenye uzito wa barua, akifika dukani anauliza kama anaweza kuuziwa nusu.

"Nusu ya kaa?" Thelma alimwambia mmoja asubuhi ile. "Nusu nyingine nimuuzie nani, baba? Chukua mzima au shika njia."

Na lililomuudhi kuliko yote ni kwamba yeye mwenyewe alikuwa mmoja wao.

Hakuanza na darubini. Alianza na ndoo. Alikuwa na miaka ishirini na miwili mumewe, Ron, alipokwenda kufanya kazi kwenye majukwaa ya mafuta baharini akasahau njia ya kurudi. Alichomwachia ni jina lake, ndoo ya plastiki, na mdogo wake Ron aitwaye Garth, mvuvi wa kaa. Thelma hakukaa kulia. Alimfuata Garth gatini akamuuliza, "Shemeji, kaa waliokatika miguu unawafanyia nini?" Garth alikuwa anawatupa. Wakapatana pale pale: Thelma apewe waliokatika bure kwa mwezi mmoja, halafu awe ananunua wazima kwa Garth na si kwa mwingine. Akachemsha, akachambua, akasimama kituo cha basi na ndoo yake. Leo ana miaka sitini na minne, ana duka lenye kioo, chumba cha baridi, na ua wenye ukuta mrefu nyuma ya duka. Humo Garth anaruhusiwa kupanga madema yake, ile mitego ya kunasia kaa, kwa sharti kwamba kaa wake haonjeshwi mchuuzi mwingine.

Ndege alijifunza dirishani. Meza ya kuchambulia imeelekea dirisha, dirisha limeelekea ua, na mikono ikishaizoea kazi macho hukosa shughuli. Kitabu cha ndege alikipata kwenye mnada wa kanisa. Hadi leo kurasa zake zinanuka kaa. Darubini alibadilishana na mtalii wa Kiholanzi kwa kaa ishirini na kamba-koche mmoja, na bado anaamini kwamba yule kamba-koche alikuwa wa ziada.

Halafu likaja la gunia. Miaka kumi na miwili iliyopita, asubuhi ya ukungu kama hii, aliona kitu cheupe kimetulia juu ya uzio rasini, kikubwa, kinageuza kichwa polepole. Bundi mweupe wa theluji! Huko bundi haogopwi. Huko watu huendesha gari usiku kucha kumfuata. Thelma akapiga simu. Kufikia saa sita yalikuwa yamefika magari arobaini, mengine kutoka Glasgow, na mtu mmoja alikuwa ameondoka kwenye harusi ya dada yake akiwa bado na ua kifuani. Ukungu ukafunuka. Juu ya uzio kulikuwa na gunia la mbolea, linapepea.

Tangu siku hiyo anaitwa Mama Gunia.

Jina lisingekuwa kitu. Ameitwa mabaya zaidi gatini na akauza vile vile. Kilichomkaa rohoni ni penseli. Kule rasini kuna kituo cha watazama ndege, nyumba ya zamani ya walinzi wa pwani, na msimamizi wake ni Clifford Raine, mwalimu mstaafu wa jiografia. Kila siku saa kumi na mbili jioni wote walioshinda na darubini hukusanyika humo. Clifford hufungua daftari, husoma jina la kila ndege kuanzia bata bukini, na watu huitikia idadi waliyoiona. Baada ya lile gunia Clifford aliweka kanuni: ndege adimu aliyeonwa na mtu mmoja ataandikwa kwa penseli. Akionwa na mtu wa pili, anatiwa wino. Asipoonwa, siku ya mwisho ya mwaka anafutwa kwa raba. Kanuni ni ya wote, alisema. Ila Basil Mounsey, dereva wa basi mstaafu ambaye ameona aina nyingi za ndege rasini kuliko mtu yeyote aliye hai, akimwona ndege peke yake, Clifford husema, "Ah, Basil tunamjua," na kuchukua kalamu ya wino.

Katika miaka kumi na miwili Thelma alikuwa na ndege saba wa penseli. Wote saba waliliwa na raba.

Watu walidhani hajali kwa sababu hakuwa akisema. Alijali mno. Neno lake ndilo lililomjengea duka. Akisema kaa huyu ametoka majini leo, basi ni wa leo, na wapishi wa hoteli huagiza kwa simu bila kuuliza mara mbili. Ni rasini peke yake ambako neno lake halikuwa na mnunuzi.

Basi saa tatu hiyo alibeba beseni la magamba akatoka nalo uani. Nyuma ya safu ya mwisho ya madema kitu kikarukaruka chini, miguu mirefu, mkia umesimama. Mgongo wa kahawia. Hapo hakuna ajabu; nusu ya ndege wa dunia wana mgongo wa kahawia. Kikageuka.

Koo lilikuwa jekundu kama koili ya jiko la umeme iliyokolea moto, limezungushiwa utepe mweupe.

Thelma akaliweka beseni chini taratibu, kama mtu anayeweka mtoto aliyelala. Koo-jekundu wa Siberia. Kitabuni yumo, kurasa za mwisho, pamoja na wale ambao mtu huwatazama tu ili ajue kwamba wapo. Akatoa simu kwa mikono yenye mafuta ya kaa. Akapiga picha tatu. Ya kwanza ikatoka kidole chake. Ya pili ikatoka beseni. Ya tatu ikatoka madema, na katikati ya madema, doa.

Akampigia Clifford. Clifford akapokea kwa mnong'ono.

"Mwalimu, njoo uani kwangu sasa hivi. Koo-jekundu wa Siberia."

"Thelma, tuko kichakani. Watu sitini. Usipige kelele."

"Nipige kelele wapi, niko bandarini! Nakwambia koo-jekundu. Dume. Yuko kwenye madema ya Garth."

"Una picha?"

Akaituma. Kisha akasikia Clifford akimwonyesha mtu, na huyo mtu akicheka kwa pua.

"Thelma, hii ni picha ya dema."

"Tazama katikati."

"Katikati naona dema jingine. Nitakuwekea kwa penseli jioni, sawa? Penseli haina ubaya."

Simu ikakatwa. Thelma akabaki anaitazama kama vile ndiyo imemtukana.

Akapima mambo haraka, kama anavyopima tenga la kaa kwa jicho. Ukungu ulikuwa umeanza kupauka kwa juu. Upepo umeshageuka, sasa unatoka magharibi. Mbingu zikifunguka, ndege wa namna ile haagi. Na hilo lilikuwa dogo: Garth atapakia madema yote kwenye mashua maji yakijaa, saa saba mchana, na madema yakiondoka ua unabaki saruji tupu. Alikuwa na saa tatu na nusu, na alihitaji mtu mmoja tu. Mtu ambaye Clifford "anamjua".

Akafunga duka. Akabandika karatasi mlangoni: NARUDI. Akapanda rasini na aproni yake.

Wanaume sitini walikuwa wamejipanga kando ya shamba, wameelekeza darubini za miguu mitatu kwenye kichaka kimoja. Humo kichakani kulikuwa na kijindege cha rangi ya chai ya maziwa, na kwa siku mbili walikuwa wanabishana kuhusu miguu yake: ikiwa myeusi, ni ndege wa maana, ikiwa ya kahawia, wamepoteza mafuta ya gari. Ndege mwenyewe hakuwa ameonyesha miguu tangu jana mchana.

"Mama Gunia huyo!" akanong'ona mmoja. "Leo umetuletea nini, mama? Tembo?"

"Nimewaletea macho, ila naona hapa hayana soko."

"Shhh!" wakasema watu ishirini kwa pamoja.

Clifford alikuwa katikati, daftari la kituo likining'inia shingoni ndani ya mfuko wa nailoni. Hakugeuka. "Thelma, kwa heshima zote. Nikiwaondoa watu hapa kwa ajili ya doa, na miguu ikaonekana huku nyuma, hawatanisamehe. Unakumbuka yule wa harusi?"

"Namkumbuka. Dada yake ameshaachika, na nyie bado mnanidai bundi."

Akampita. Akamkuta Basil Mounsey mwisho wa mstari, mzee mwembamba mwenye kofia ya sufu, jicho kwenye darubini.

"Basil, una ndege wangapi rasini?"

"Mia mbili tisini na tisa," akasema Basil bila kuinua jicho. Kila mtu Skarnby alilijua jibu. Lilikuwa halijasogea kwa miaka mitatu.

"Huyu wa kichakani ulishamwona, au sikumbuki vizuri?"

Basil akasita. "Nilimwona. Mwaka wa themanini na nane."

"Kwa hiyo huyu hakuongezei kitu, na wa kwangu atakufanya mia tatu. Umesimama hapa kwa sababu gani, unalinda kichaka kisiibiwe?"

"Kama yupo," akasema Basil.

"Kama hayupo, nakupa kaa aliyechambuliwa kila Ijumaa mpaka Krismasi."

Jicho likatoka kwenye darubini. "Na mkate?"

"Bila mkate."

"Krismasi iko karibu. Mpaka Pasaka, pamoja na mkate."

"Mpaka mwisho wa Januari, na mkate utanunua mwenyewe, mwenye duka la mkate si mimi. Ila kama yupo, Basil, na ninakwambia yupo, wewe ndiwe utakayewatangazia watu kwenye redio yako ya mkononi, na jina langu litatangulia lako. Siyo 'Basil na Thelma'. 'Thelma Storr amempata, Basil amemwona.' Kwa mpangilio huo."

Basil akaifikiria hiyo zaidi ya alivyowafikiria kaa. Kule kwao aliyempata ndege ni mtu. Waliomwona ni umati. "Na nafasi yangu hapa?"

"Iache darubini isimame. Mliweka wenyewe hiyo desturi, darubini ikiwepo mtu yupo."

Wakateremka. Basil alikuwa na goti bovu, na njiani alisimama mara nne kutazama ndege ambao Thelma alimwambia si wao. "Huyo ni shomoro, Basil. Huyo pia ni shomoro. Mzee wangu, tembea!"

Walipofika uani, saa tano na robo, Thelma alitaka kupiga ukelele. Upande wa bahari, ambako ua unashukia majini, Garth alikuwa amekwisha kuteremsha nusu ya madema mashuani.

"Shemeji! Si saa saba?"

"Ukungu unaondoka, shem. Nikimaliza kupakia mapema nakunywa chai."

"Weka hilo chini. Kuna ndege humo."

Garth akalitazama dema mkononi. "Humu?"

"Nyuma! Safu ya mwisho. Usiiguse mpaka maji yajae."

"Nipange mashua yangu kwa ajili ya ndege?"

"Ua ni wa nani, Garth?"

Garth akanung'unika kwamba tangu Ron aondoke ule ua umekuwa ikulu, lakini akaiacha safu ya mwisho na kwenda kunywa chai yake amekaa juu ya kamba.

Wakangoja. Basil akaegemea ukuta kupumzisha goti. Nusu saa. Saa nzima. Jua hafifu likagusa saruji, na Thelma akaliona kama adui. Basil akaanza kuuliza kama hao kaa wa Ijumaa ni madume au majike.

Kitu kikaruka chini ya dema. Kikasimama, kimewapa mgongo.

"Kahawia," akasema Basil.

"Ngoja."

"Thelma, kahawia ni wengi."

"Nyamaza ungoje, wewe naye!"

Ndege akaokota kipande cha kaa ukingoni mwa beseni, akageuka.

Basil akajinasua ukutani. Kisha akatoa redio ya mkononi, na Thelma akamshika kifundo cha mkono.

"Kwa mpangilio," akasema.

Basil akabonyeza kitufe. "Wote mnisikie. Thelma Storr amempata koo-jekundu wa Siberia, dume, uani kwake bandarini." Akavuta pumzi. "Basil amemwona."

Haikupita dakika kumi na mbili ukasikika mshindo wa mabuti barabarani. Lakini uani mtu haingii ila kwa mashua au kwa geti la chuma, na ukuta unampita mtu mrefu kichwa. Thelma alikuwa amesimama getini kwa ndani, komeo limefungwa, amekunja mikono juu ya aproni.

"Fungua, Bi Thelma!" Walihema kama farasi. "Tafadhali, mama!"

"Ehe, sasa ni Bi Thelma. Mwalimu yuko wapi?"

Wakampisha Clifford mbele, uso umeiva.

"Thelma, fungua. Anaweza kuondoka dakika yoyote."

"Najua. Tangu saa tatu naimba wimbo huo. Andika kwanza."

"Nini?"

"Daftari si hilo shingoni? Mtu wa pili si huyu Basil, unayemjua? Andika. Kwa wino."

"Tutaandika jioni, kwa utaratibu!"

"Utaratibu wa jioni naujua, una raba. Andika sasa."

"Andika, Clifford!" wakapiga kelele waliokuwa nyuma. "Andika bwana, tunakufa huku!"

Clifford akafungua mfuko wa nailoni. Akajipapasa. "Sina kalamu ya wino. Ipo kituoni."

"Mwazimeni kalamu!"

Watu sitini wakajipapasa mifuko. Zikatoka penseli. Penseli fupi, penseli ndefu, penseli zilizotafunwa. Wino huchuruzika kwenye mvua, kwa hiyo hakuna mtazama ndege anayetembea nao. Penseli sitini zikanyooshwa juu ya geti, na hakuna kalamu hata moja. Thelma akazitazama, na kwa mara ya kwanza siku hiyo akataka kucheka.

Akaingiza mkono kwenye mfuko wa aproni. Akatoa kalamu nene nyeusi anayoandikia tarehe kwenye vifuniko vya bakuli za kaa, wino usiotoka kwa maji, kwa barafu wala kwa sabuni. Akaipitisha kwenye vyuma vya geti.

"Hiyo inapenya!" akasema Clifford. "Itaharibu kurasa tatu!"

"Itaharibu nne. Nimeijaribu."

Clifford akaandika. Tarehe, jina la ndege, *mpataji T. Storr*. Thelma akasoma neno kwa neno kupitia vyuma, akamwambia arudie S kwa kuwa haikusomeka, naye akarudia. Ndipo komeo likafunguka.

Wakaingia kama maji. Nyuma ya safu ya mwisho koo-jekundu alikuwa amepanda ukingo wa beseni, kifua mbele, koo linawaka juani, na watu hamsini na tisa wakatoa sauti moja, kama mtu aliyeketi baada ya safari ndefu. Walimtazama dakika tano nzima. Mmoja alilia, jambo ambalo Thelma aliliona la kipuuzi, ila hakumsemesha.

Clifford hakuwa ndani. Alikuwa bado getini, daftari wazi viganjani, analipuliza wino ukauke ili kurasa zisigandane.

"Mwalimu, njoo!" mtu akaita.

"Naja, naja, bado kidogo!"

Garth akamaliza kikombe cha tatu cha chai. Akatazama maji, yamejaa. Akatazama umati uliosimama kati yake na mali yake, akapenya mabega mbele, akainua dema la kwanza la safu ya mwisho. Ndege akaruka juu ya ukuta, juu ya paa la duka, juu ya kichwa cha Clifford aliyekuwa ameinamia kitabu, akapotelea upande wa rasi.

Walimtafuta mchana kutwa. Walipekua vichaka, makaburi ya kanisa, bustani za watu. Mbingu zikafunguka kabisa, buluu toka mwisho hadi mwisho, na kila aliyejua ndege akajua maana yake. Thelma hakuyapanga hayo. Kuyalilia pia hakuyalilia. Alifungua duka saa nane, na kwa mara ya kwanza tangu Skarnby iwe Skarnby wanaume wenye darubini walipanga foleni mlangoni. Wakanunua wazima.

Saa kumi na mbili jioni alikwenda kituoni, akakaa mbele. Clifford akasoma bata bukini. Akasoma mnandi, shakwe wa kila aina, mbayuwayu waliochelewa. Kijindege cha kichakani kilikuwa kimeonyesha miguu saa tisa: ya kahawia. Ndege themanini na sita wakapita hivyo, na Thelma akawavumilia wote mpaka Clifford alipofika kwenye ukurasa wenye maandishi meusi makubwa yaliyopenya mpaka Jumamosi ijayo.

Akakohoa. "Koo-jekundu wa Siberia. Mmoja. Mpataji, Thelma Storr." Akainua macho. "Waliomwona?"

Mikono ikainuka chumba kizima. Basil aliinua miwili. Clifford akaihesabu kwa macho, polepole, akarudia, huku mikono yake mwenyewe ikiwa imetulia juu ya daftari.

Thelma akatoa kwenye mfuko wa aproni penseli fupi iliyotafunwa, ambayo mtu alikuwa ameidondosha getini kwake, akaisukuma mezani mpaka ikagusa kidole cha msimamizi.

"Mwalimu," akasema, "na wewe nikuandikie? Penseli haina ubaya."